Mzee Akiacha Kutoka, Tazameni na Masikio

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita hapa Tanga, mbele ya wazee waliokuja kupimwa afya pamoja na watoto wao waliowasindikiza. Wengi hawakuweza kufika, kwa hiyo nimeyaandika yote kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na nyinyi vijana mliowaleta wazazi wenu, hamjambo?

Kabla sijaanza nina swali. Mnanisikia? Anayenisikia vizuri anyanyue mkono.

Ahsanteni, mikono ni mingi. Sasa kila mmoja amwangalie jirani yake taratibu. Yupo ambaye hakunyanyua? Yupo aliyenyanyua baada ya kuona wenzake wamenyanyua? Msimcheke wala msimguse. Huyo ndiye niliyemjia leo. Kila mkutano tunauliza "mnanisikia?", na wanaojibu ni wale wanaosikia. Asiyesikia hata swali halikumfikia.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, sasa nimestaafu. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yangu ilikuwa magoti, nyonga, migongo na miguu ya watu. Nikiletewa mzee aliyeacha kutembea, mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye goti. Leo nimesimama mbele yenu kusema kwamba mara nyingi nilianzia pasipo. Mzee akiacha kutoka nyumbani, tazameni magoti, tazameni macho, pimeni presha na sukari, lakini tazameni na masikio. Narudia: tazameni na masikio.

Nianze na baba yangu.

Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kwenye korona, ile mashine ya kusindika mkonge. Wazee wa hapa mnaijua sauti ya korona. Mashine inakwangua majani kutwa nzima, na watu wanazungumza kwa ishara za mikono kwa sababu mdomo haufai kitu. Alikaa pale zaidi ya miaka 20 bila chochote cha kuziba masikio. Alipostaafu akahamia mtaa wa Ngamiani, hapahapa Tanga, na siku yake ikawa na mpango wake: alfajiri msikitini kwa miguu, asubuhi sokoni kwa baiskeli, alasiri barazani kwenye bao na kahawa mpaka magharibi. Ukizihesabu hatua zake, mzee yule alikuwa ananishinda mimi niliyekuwa nahimiza watu wafanye mazoezi.

Kisha akaanza kupunguza. Kwanza alfajiri, akawa anaswali nyumbani. Tukasema ni umri. Baiskeli ikaegemezwa ukutani, vumbi likaijaa. Tukasema ni umri. Mwisho akaacha hata baraza, baraza lililo nyumba ya nne kutoka kwake. Tukimuuliza anajibu neno moja tu: "Miguu imechoka."

Basi nikamchua magoti. Nikamnunulia mkongojo. Nikampa mazoezi ya kunyoosha mapaja. Miezi sita, mimi mwenye taaluma yangu, nilitibu magoti yasiyokuwa na neno.

Siku moja nimesimama mlangoni, yeye yuko njiani mbele ya nyumba. Bodaboda ikaja nyuma yake, ikapiga honi mara tatu. Hakugeuka. Dereva akamkwepa kwa kiasi cha kiganja. Baba alishtuka pikipiki ilipokwisha kumpita, akashika ukuta, miguu inamtetemeka. Nikaenda nikasimama mbele ya uso wake nikamuuliza, "Baba, hukuisikia?" Akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Siku hizi sisikii kitu mpaka kinifikie. Ndiyo maana sitoki."

Nikamuuliza, na baraza je? Akasema, "Watu wakicheka na mimi nacheka, sijui wanachekea nini. Siku moja walikuwa wanacheka, nikacheka nao. Nilipomaliza nikaona wenzangu wameshanyamaza zamani, wanatajiana msiba." Tangu siku ile hakurudi. Na alfajiri? Adhana haikuwa inamwamsha tena. Akifika msikitini swala ya jamaa imeshasimama, anaona haya kupita mbele za watu, mzee wa umri wake.

Niambieni, wazee wangu, hapo goti liko wapi?

Macho yanatazama mbele tu. Kinacholinda mgongo wako njiani ni sikio. Sikio ndilo linalokwambia kwamba nyuma kuna bajaji, kwamba mbwa anakuja upande wa kushoto, kwamba mtoto kaanguka uani. Mtu aliyepoteza mlinzi huyo hatembei kwa raha. Kila hatua ina hofu, na mtu hawezi kuishi na hofu kila siku, atakaa. Akikaa mwaka mmoja, sasa magoti yatauma kweli. Nyama za mapaja zinayeyuka, pumzi inapungua. Akija kwangu nitayakuta magoti mabovu, na nitaamini kwamba ndiyo yaliyomkalisha.

Jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2021 watafiti nchini Marekani walitoa matokeo ya watu wenye umri wa miaka 60 hadi 69 waliokuwa wamevalishwa kipimo kinachorekodi mwendo wa mwili. Waliopungukiwa usikivu walikuwa wanakaa kitako kwa takriban nusu saa zaidi kila siku kuliko wenzao wanaosikia vizuri. Nawaambia ukweli, kipimo kama hicho hakiwezi kuthibitisha kwamba sikio ndilo lililomkalisha mtu. Lakini nikikiweka pembeni ya maneno ya baba, mimi nimeridhika. Nusu saa kwa siku ni saa tatu na nusu kwa wiki. Ni baraza zima.

Sasa niwaambie kinachotokea ndani ya sikio, maana watoto wengi hapa wanadhani mzee ni kama redio iliyopunguzwa sauti. Wanadhani dawa ni kuongeza sauti. Sivyo.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono, kidogo kama punje ya njegere. Ndani yake kuna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi, na hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa habari ya ubongo. Mtu anazaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Kelele za miaka mingi zinaziua, umri unaziua, na baadhi ya dawa zinaziua: sindano za gentamaisini na streptomaisini zikitumika bila uangalizi ni mfano. Nanyi wenyewe mnakumbuka kwinini ilivyokuwa inavumisha masikio.

Zinazoanza kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Sauti nene zinabaki. Hii ina maana gani kwa Kiswahili chetu? Sikilizeni: saa, taa, kaa, paa, faa. Kinachotofautisha maneno hayo ni herufi moja ya mwanzo, na herufi hizo, s, t, k, p, f, ni upepo tu, hafifu na mwembamba. Ile "aa" ni nene, mzee anaipata yote. Mjukuu anasema "saa", babu anasikia "aa". Amesikia, ndiyo, lakini hakuelewa. Ndiyo maana atakwambia, "Usinipigie kelele, sema vizuri." Ana haki. Ukipiga kelele unaongeza "aa", lile "s" liko palepale.

Na kuna dhuluma nyingine tunawafanyia. Sauti za wanawake na watoto ni nyembamba kuliko za wanaume. Babu anaelewana na rafiki yake mwenye sauti nzito, lakini mkewe akimwita hajibu. Tunasemaje? "Anasikia anachotaka." Tunamtupia methali: sikio la kufa halisikii dawa. Jamani, methali hiyo ni ya mkaidi. Mtu aliyepoteza sauti nyembamba si mkaidi. Kumwita mkaidi ndiko kunakomfungia ndani, kwa sababu ni afadhali akae peke yake kuliko kugombezwa kila saa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya watu wenye zaidi ya miaka 60, zaidi ya mmoja katika kila wanne ana upungufu wa usikivu unaomlemaza. Hesabuni safu mliyokaa.

Nije kwenye kuanguka, maana hapa ndipo sikio na mguu vinapokutana kabisa.

Yule konokono niliyemtaja ana jirani yake ukuta kwa ukuta: vijia vitatu vilivyopinda na vifuko viwili, vyote vina maji, na kazi yake ni kukwambia kichwa chako kimeinama au kimesimama. Ni chombo cha mizani. Habari za kusikia na habari za mizani zinakwenda kwenye ubongo kupitia mshipa mmoja wa fahamu. Kinachoharibu chumba kimoja mara nyingine kinagusa na cha pili.

Lakini kuna sababu ya pili, na mimi naiona kubwa zaidi. Ubongo wa mtu asiyesikia vizuri unafanya kazi ya ziada mchana kutwa. Unakisia. Umepata "aa", unatafuta: ni saa? ni taa? Wakati huohuo unatakiwa uangalie mguu unakanyaga wapi. Kazi mbili, nguvu zilezile.

Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walifanya jambo rahisi mpaka nikatamani ningelibuni mimi. Walitembea na wazee 58 waliokuwa wanaishi kwenye makazi ya wazee, na njiani wakawa wanawazungumzisha. Wazee 12 walisimama. Ili wajibu, ilibidi waache kutembea kwanza. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Kumi katika kumi na wawili! Hakukuwa na mashine wala umeme. Wewe kijana, leo ukirudi nyumbani na mama yako, tembea naye pole pole, mzungumzishe habari za kawaida, umtazame. Akisimama kila unapomwuliza jambo, usimharakishe. Umeshaonyeshwa kitu.

Na mwaka 2012 Frank Lin na Luigi Ferrucci, pia Marekani, walitazama habari za watu zaidi ya 2,000 wenye miaka 40 hadi 69. Mtu aliyepungukiwa usikivu kwa desibeli 25 (desibeli ni kipimo cha sauti), kiasi ambacho madaktari wanakiita kidogo, alikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kusema kwamba ameanguka katika mwaka uliopita. Upungufu mdogo, mara tatu.

Mama mmoja niliyemhudumia aliteleza uani usiku umeme umekatika. Alivunjika nyonga. Alinieleza hivi: "Kukiwa na mwanga natembea kwa macho. Zamani kukiwa giza nilikuwa natembea kwa masikio, nasikia ndala zangu zinavyogusa sakafu, najua nimefika kwenye sementi au kwenye mchanga. Siku ile sikusikia kitu." Sijawahi kusoma maelezo mazuri kuliko hayo kwenye kitabu chochote cha kazi yangu.

Sasa mtaniuliza: je, wasiosikia vizuri wafanye mazoezi au wakae salama? Wafanye, tena zaidi ya wengine. Shirika la Afya Duniani linataka watu wazima, wazee wakiwemo, wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Wenye miaka 65 na kuendelea wanaongezewa mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu. Na kuna habari njema kutoka kwa wauguzi wa kike wa Marekani, zaidi ya 68,000, waliofuatiliwa kwa miaka 20: waliokuwa wanatembea saa mbili au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ya kupoteza usikivu iliyo pungufu kwa asilimia 15 kuliko wasiofikisha hata saa moja. Konokono yule anaishi kwa damu, na damu inasukumwa na mwendo.

Tatizo ni namna tunavyowafundisha. Niliwahi kualikwa kwenye mazoezi ya wazee uwanjani asubuhi. Kijana anayeongoza alikuwa na moyo mzuri, tena ana filimbi. Anapuliza, anatoa amri akiwa amewapa mgongo, anapuliza tena. Safu ya mbele inakwenda kulia, safu ya tatu inakwenda kushoto. Mzee mmoja akagongana na mwenziwe, akatoka, akakaa chini ya mwarobaini. Wiki iliyofuata hakuja, na wiki ya tatu hawakuja watano.

Filimbi ni sauti nyembamba! Tulikuwa tunawaita wazee kwa sauti ileile iliyowatoka masikioni. Tukamwomba kijana aweke filimbi mfukoni, tukaleta ngoma. Ngoma ni nene. Asiyeisikia kwa sikio anaipata kifuani na kwenye nyayo. Kijana akageuka akawatazama, akawa anaonyesha zoezi kwanza ndipo ngoma ilie. Hakuna aliyegongana tena. Yule mzee wa mwarobaini alirudi, na baada ya mwezi ndiye aliyekuwa anapiga ngoma.

Kwa hiyo viongozi wa mazoezi, nawaomba: simameni mbele, jua likiwa usoni kwenu si machoni kwao, mdomo uonekane. Onyesheni kabla ya kusema. Asiyesikia apangwe mbele, si nyuma. Na nyumbani, asiyeweza kufika uwanjani ainuke kwenye kiti bila kushika mikono, mara 10. Asimame kwa mguu mmoja huku meza iko karibu. Apite ukutani kisigino mbele ya vidole. Wale wa baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli, fungeni kioo kwenye usukani. Kioo kidogo kile ni sikio la nyuma.

Nimalizie na matibabu, nitakwenda haraka kwa sababu wenzangu wako tayari.

Kwanza nta. Baba sikio moja lilikuwa limezibwa na nta tupu, miaka na miaka ya kujichokonoa. Kijiti cha kiberiti, pini, unyoya wa kuku, pamba ya kijiti: vyote vinaisukuma ndani, na siku moja vinatoboa ngoma ya sikio. Acheni. Kituo cha afya wataitoa kwa dakika chache.

Sikio linalotoa usaha, au linalouma, au kizunguzungu kinachokuja na uziwi, hayo ni ya daktari. Na mtu akilala anasikia akaamka sikio moja halisikii, msisubiri wiki. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, maana tiba yake ina muda.

Kisha shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia. Bei yake ni mzigo, najua, na inaniuma kwamba wazee wengi wanakikosa kwa sababu hiyo. Lakini hata waliokipata wengi wamekifungia kabatini. Baba alikifungia kabatini majuma matatu. Alipokivaa siku ya kwanza alisikia sufuria, feni, kanga za mama zikipitana, mpaka nyayo zake mwenyewe, akakivua kwa hasira. Ubongo uliokaa kimya miaka mingi unataka muda wa kuzoea. Tukaanza saa moja kwa siku, chumbani, mtu mmoja anazungumza naye. Kisha saa mbili, kisha uani. Njiani tulikwenda mwisho. Kivueni wakati wa kuoga na wakati wa udhu, kifuteni jasho baada ya mazoezi, kilazeni mahali pakavu, kwa sababu unyevu wa pwani yetu haukihurumii.

Mwezi wa pili wa kukivaa, baba aliniomba nimsindikize barazani. Nyumba ya nne. Nilimwambia mwenye baraza amkalishe mgongo ukiwa ukutani ili sauti zote zije kwa mbele, na watu wazungumze mmoja mmoja. Nikaondoka. Magharibi alirudi peke yake, amechoka, akaniambia wamemfunga bao mbili. Baiskeli hakuipanda tena, na kusikia kwake hakukurudi kama kwa kijana. Lakini mkongojo niliomnunulia alinirudishia.

Wazee wangu, pale mlangoni kuna meza mbili. Ya kwanza wanachungulia masikio kwa tochi na kupima usikivu. Ya pili mtasimama kwa mguu mmoja na kutembea hatua kumi, nami nitakuwepo. Ndugu zangu wahudumu, naomba mwanze na wale ambao mwanzoni hawakunyanyua mikono. Nimewahesabu, ni tisa. Msiwaite kwa kipaza sauti. Wafuateni walipokaa.